Usivute Hadi Uvutwe

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya kalvati mbili, zile pete za zege zinazoshushwa kisimani ili kuta zisiporomoke. Zilibaki kwenye kazi ya mtu, zikaachwa pembeni mwa barabara, na makalio ya watu wazima yakazitafutia kazi nyingine. Ubaya wake ni kwamba ziko wazi ndani: mtu akikohoa, kalvati nayo inakohoa baada yake, kwa sauti nzito zaidi. Wenyeji walishazoea, hawasikii tena. Lakini alasiri hiyo upepo ulikuwa umesimama kabisa, moshi wa jiko la Mama Birika, muuza kahawa, ulikuwa ukipanda wima, na kila mtu alikuwa akizisikia. Upande wa kulia alikaa fundi cherehani anayeshona majoho ya kwaya. Wanamwita Askofu, ingawa hata ushemasi hajawahi kupewa. Kushoto alikaa Rufaa, karani mstaafu wa mahakama, mtu ambaye hajawahi kushindwa ubishi ila huahirisha tu. Betri, fundi wa simu na redio, alikuwa amechutama chini. Na katikati, akiwa ameachiwa nafasi ya kukaa watu watatu, alikuwa Futi, mchimba visima, ambaye wiki iliyopita alitolewa shimoni akiwa hana habari na dunia.

Futi aliiona ile nafasi, na ilimuuma. Zamani walikuwa wanasukumana.

— Jumapili ni keshokutwa, akasema Askofu. — Umeshajua utasema nini?

— Nitasema nini, na mimi sikuita.

Hapo ndipo penye mgogoro. Mkewe Futi anaimba kwaya, na kwa miaka yote ya ndoa yao Futi alikuwa akimsindikiza mpaka mlango wa kanisa na kugeuza. Sasa mchungaji ametangaza kwamba Jumapili Futi atasimama mbele ya watu na kueleza alivyoliita jina la Bwana kutoka shimoni, akasikiwa. Mke ameshaalika ukoo mzima. Shida ni kwamba Futi hakuliita jina la Bwana wala la mtu mwingine. Alipozinduka juu, mgongo kwenye udongo, aliikuta imani imeshakaa ndani yake, imejitandikia kabisa, kama mgeni aliyeingia wenyeji wakiwa wamelala. Alikuwa anaamini, na hakuwa na la kufanya. Akisema aliita, ataianza imani kwa uongo. Akisema hakuita, atamwaibisha mkewe mbele ya mashemeji. Na chini ya hayo yote kulikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu: kilichoingia bila kubisha hodi kinaweza kutoka bila kuaga.

— Uliita, akasema Rufaa. — Ni vile hukumbuki. Mtu hapewi asichoomba. Mahakamani usipokata rufaa, hukumu inabaki palepale. Lazima mhusika mwenyewe alete maombi.

— Alete vipi na alishazimia? akauliza Askofu.

— Kwa moyo. Moyo una mdomo wake. Wahenga hawakukosea, mfa maji haachi kutapatapa.

— Mfa maji bado hajafa, Rufaa. Ndiyo maana anatapatapa. Sisi tumeambiwa tulikuwa wafu kwa dhambi zetu. Hatukuambiwa wagonjwa. Hatukuambiwa tumechoka kidogo. Wafu. Umewahi kuona maiti akanyoosha mkono akasema nivuteni?

— Mimi sijafa, akasema Betri. — Dhambi ninazo, lakini ni hizi za kawaida.

— Za kawaida zipi?

— Za kumrudishia mtu simu yake ikiwa na betri ya mtu mwingine.

— Basi umejijibu. Anaitaja huku anacheka, mmeona? Maiti hasikii harufu yake.

Mama Birika akapuliza makaa.

— Na mtoto mchanga, Askofu? Naye maiti?

— Naye.

— Hata hajatoa jino?

— Nyoka mdogo hajang'ata mtu, mama, lakini haimfanyi kuwa mjusi.

— Kweli kabisa, Betri akaafiki. — Ndiyo maana wakasema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Futi si aliinama?

Siku nyingine wangecheka. Kalvati ikarudia neno la mwisho, aliinama, na Betri akaangalia chini ya ubao kana kwamba kuna mtu.

— Nikuulize, Askofu, akasema Rufaa, naye amejiweka sawa kama enzi zile akisoma majina ya washtakiwa. — Kama binadamu ni maiti, hawezi kuitaka imani mpaka apewe, mbona analaumiwa kwa kutoamini? Hakimu gani anamhukumu maiti kwa kutohudhuria shauri?

— Hahukumiwi kwa kutohudhuria. Anahukumiwa kwa kujiua.

Hoja ilimwingia Rufaa, na hakupenda ilivyomwingia.

— Sawa, akasema. — Basi tumwite shahidi. Shemeji, hebu sogea.

Shemeji ni kaka wa mkewe Futi. Ana jina lake, lakini alikuja kijiweni mara ya kwanza akitambulishwa kama shemeji wa Futi, na tangu hapo ni shemeji wa mtaa mzima. Yeye ndiye anayeshika kamba juu, Futi akiwa chini. Alikuwa ameegemea ukuta, viganja vimefungwa vitambaa, maana siku ile kamba ilimchuna mpaka nyama. Hakuwa amesema neno kijiweni tangu ajali.

Wachimba visima wana sheria moja kubwa: usivute hadi uvutwe. Aliye chini amefungwa kamba kiunoni. Aliye juu ameishika kiganjani, anasubiri. Ukimvuta mtu ambaye hajajiandaa utampigiza ukutani, au utamgonganisha na ndoo ya mawe inayoning'inia juu ya kichwa chake. Kwa hiyo husikii, huoni, unakaa na kamba tu, na kila mchimbaji ana mvuto wake ambao mshika kamba anaujua. Wa Futi ni mara mbili, chapuchapu. Kuna sheria nyingine pia, ya kushusha taa kwanza: ikizimika, hewa ya chini ni mbaya, hashuki mtu. Siku ile waliishusha asubuhi ikawaka vizuri. Walipomaliza kula mchana hawakuishusha tena. Ulikuwa uvivu, hakuna jina jingine la kuupa, na uvivu huo ndio uliomlaza Futi chini kule.

— Wewe ndiye uliyeshika, akasema Rufaa. — Nijibu kwa neno moja. Kamba ilivutwa, haikuvutwa?

— Ilivutwa.

Rufaa akapiga goti lake.

— Nimemaliza. Aliita.

— Mikono yangu ilikuwa imeshika sururu, akasema Futi. — Nilisikia magoti yanalegea, nikaishika sururu isiniangukie. Halafu giza. Shemeji, mliponitoa, mikono yangu ilikuwa wapi?

Shemeji akatazama vitambaa vyake.

— Kwenye mpini wa sururu. Yote miwili. Ilibidi nikubandue kidole kimoja kimoja.

Hakuna aliyepiga goti. Kwa mbali mtu alikuwa akigonga bati, kisha akaacha.

— Mimi naijua hii, akasema Betri. — Imani ni chaji. Simu ikizimika kabisa haiwezi kujichomeka ukutani, si ndiyo? Lazima mtu aichomeke. Kamba ni waya tu.

— Leo umesema jambo, akasema Askofu.

— Subiri, sijamaliza. Sasa mwenye waya ni nani? Kisima. Kisima kinapumua, jamani, muulizeni yeyote. Asubuhi kinatoa pumzi, mchana kinaivuta ndani. Kilipovuta, kikavuta na kamba.

— Kisima kinapumua kwa pua gani?

— Kwa ile ile iliyommaliza Futi hewa. Na tena, Betri akashusha sauti, — mimi naenda mbali zaidi. Sina hakika kama tulichotoa ndicho tulichoshusha.

— Acha hizo, akasema Mama Birika.

— Mama, wewe ndiye shahidi wangu. Futi tunayemjua anakunywa kahawa chungu tangu nimfahamu. Leo amekuomba nini?

Mama Birika akafuta kikombe.

— Sukari.

— Sukari. Na sigara je, Futi?

— Nimeacha, akasema Futi.

— Umejikaza?

— Hapana. Sikuitamani tu.

— Mnasikia? Hata hajajitetea. Hatukani tena, havuti tena, mke anamsifia mpaka sokoni. Kitu kilikuwa kimekaa kule chini, kikamvaa jamaa yetu, kikapanda naye. Askofu wewe unakiita neema. Mimi bado sijakipa jina.

Alikusudia utani. Ila utani hauendi bila kicheko, na huu ulibaki umesimama katikati yao. Futi ndiye aliyeogopa kuliko wote, kwa sababu amewahi kujiuliza hivyohivyo, akiwa na wembe mkononi mbele ya kioo, akitazama uso ambao haukuwa na kosa lolote isipokuwa utulivu. Hakuuzoea utulivu huo. Ulikuwa wake, lakini hakukumbuka kuutafuta.

— Moyo mpya ndivyo ulivyo, akasema Askofu, taratibu sasa, maana aliona jamaa ameumia. — Mwenyewe unaushangaa.

— Na ukichukuliwa?

— Mpaji hanyang'anyi.

— Una hakika?

Askofu alitaka kusema ndiyo upesi. Badala yake akanywa kahawa.

Ndipo wakagundua kwamba kuna mwanamke amesimama nyuma ya Mama Birika. Hakuna aliyemwona akija, na barabara ile ni nyeupe pande zote mbili, hata paka huonekana. Alikuwa mtu mzima, viatu vya raba vimejaa vumbi la mwendo mrefu, mtandio wa rangi ya majivu kichwani.

— Hodi hapa, akasema. — Nimeambiwa nitampata mchimba kisima aliyetoka.

— Karibu, mama, akasema Mama Birika, akamimina kikombe. — Ndicho cha mwisho hicho, birika limebaki mashapo tu. Kunywa kabla hakijapoa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Betri, ila kwa sauti ndogo sana, kwa kuwa hakujua tena nani mgonjwa.

Mwanamke akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Shemeji, aliyekuwa karibu, akaviona viganja vyake: vimekatizwa na mstari mgumu wa sugu, kutoka kidole cha shahada hadi upande wa pili. Ni mstari ambao haupatikani kwa jembe wala kwa mchi. Shemeji anao kama huo chini ya vitambaa.

— Nimewasikia tangu kule kwenye kona, akasema mwanamke. — Mnabishana nani alivuta.

— Ni mambo ya imani tu, mama, akasema Rufaa.

— Kamba ilivutwaje?

Wote wakamgeukia Shemeji. Ajabu ni kwamba katika ubishi wa wiki nzima, watu wenye midomo mipana kama ile, hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo. Shemeji akaanza kukaza kitambaa cha kiganja.

— Mara mbili, Rufaa akamsaidia. — Chapuchapu, si ndiyo? Mvuto wa Futi.

— Hapana, akasema Shemeji. — Haukuwa wa Futi.

Futi akamtazama.

— Hukuniambia.

— Ningekuambia nini, shemeji yangu? Ilivutwa mara moja, polepole, ndefu. Kama mtu asiye na haraka yoyote. Ikaachiwa. Halafu fupi moja. Nilijua si wewe. Nilijua na hakuna mwingine kule chini. Sikukuvuta kwa akili mimi, nilikuvuta kwa woga. Nilitaka hiyo kamba itoke kule ndani yote, na chochote kilichoishika.

Mwanamke akaweka kikombe chini, juu ya ubao. Akajivua mtandio, akamnyooshea Shemeji ncha moja, nyingine akaizungusha kiganjani mwake, pale penye sugu.

— Nionyeshe.

Shemeji akashika. Akavuta polepole, ndefu, akaachia. Kisha fupi.

— Tena.

Akarudia. Mwanamke alikuwa amefumba macho, na uso wake haukuwa na machozi wala mshangao. Ulikuwa uso wa mtu anayesikia hatua anazozijua zikija ukumbini.

— Huyo ni mwanangu, akasema. — Alifia kisimani mle.

Kalvati haikurudisha kitu. Betri akamsogelea Askofu, na safari hii hakuwa akitania.

— Si ulisema maiti hanyooshi mkono?

— Sisi tuliambiwa kisima kimekauka tu, akasema Futi. — Mwenye nyumba alisema tuongeze kina.

— Ndivyo anavyosema. Kilichimbwa na mwanangu, mwaka juzi. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia kamba. Hatukuwa na pesa ya kumlipa mtu, na mwenyewe alisema mikono ya mama haitelezi.

— Alikuwa mtu wa imani? akauliza Askofu, kwa upole wote aliokuwa nao.

— Kuliko mimi. Hakuwahi kushuka bila kusali. Mimi nilikuwa nasema amina kwa ajili ya haraka, tuanze kazi. Siku ile alishuka, nikakaa. Nikamwita, akanyamaza, lakini ilikuwa tabia yake kunyamaza akiwa na mwamba. Sheria ni usivute hadi uvutwe. Yeye ndiye aliyenifundisha. Nikakaa na kamba mkononi, na kamba ikakaa tu. Nilipoita majirani, walikuja na maneno mengi. Wapo waliosema hakuita kwa moyo. Wapo waliosema ilikuwa imepangwa. Mmoja alisema labda alikuwa na dhambi ya siri.

Rufaa akatazama viatu vyake. La kwanza lilikuwa lake, neno kwa neno, na lingetoka mdomoni mwake kama angekuwepo.

— Sikuja kugombana na dini ya mtu, mwanamke akaendelea. Alikuwa akiuviringisha mtandio taratibu, kuanzia ncha. — Nilisikia kuna mtu ametoka kwenye kisima kile, nikasema nije nimwone. Sasa nina swali moja, na nyinyi naona mmesoma. Kama mkono wake una nguvu ya kuvuta kamba ya mtu asiyemjua, siku ile alishindwaje kuvuta ya kwake, na aliyeishika ni mama yake?

Rufaa hakuomba kuahirisha. Betri, mwenye nadharia ya kila kitu, alikuwa ameshika simu ya mteja mkononi na hakukumbuka alitaka kuifanya nini. Askofu alifungua mdomo. Lilikuwa limemjia neno linalojulikana na kila aliyewahi kuketi kanisani, juu ya yule aliyesemwa kwamba aliwaokoa wengine akashindwa kujiokoa mwenyewe. Kisha akakumbuka kwamba waliosema hivyo walikuwa wamesimama chini ya msalaba wake wakicheka, na kwamba aliyekuwa akilia pale ni mama. Akalimeza. Tumpe sifa yake, siku hiyo alilimeza.

Wakabaki kumtazama Futi, kana kwamba jibu alipanda nalo kutoka kule.

Futi akajitafuta ndani. Alikuwa na hakika kwamba sasa ndipo itamkimbia ile imani, mbele ya mwanamke huyu, kwa aibu ya kukutwa yeye mzima. Aliona aibu hiyo, aliiona usoni, masikioni, mpaka kwenye vidole. Lakini imani ilikuwepo. Ilikuwa imekaa palepale ilipojitandikia, kimya, nayo haina jibu. Haikumwambia kwa nini yeye. Haikumwambia chochote. Wala haikuondoka.

— Sijui, mama, akasema. — Sikuita. Sikustahili. Sikuwa hata na habari. Nilivutwa tu, na Jumapili nitasimama mbele ya watu niseme hivyohivyo, mke wangu akilia na alie. Kwa nini mimi, kwa nini si yeye, sijui.

Mwanamke akamtazama kwa muda mrefu, mikono, shingo, uso, kama mtu anayekagua mzigo uliotumwa na mtoto wake kutoka mbali. Kisha akajifunga mtandio.

— Tangu nimzike, akasema, — wewe ndiye wa kwanza kuniambia hujui. Wengine wote walikuwa wanajua.